Rivolva ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa nyumbani walioko Marekani

Nilinunua rivolva yangu ya kwanza hapa Texas, na tangu picha yake iingie kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani, simu haijapoa. Anauliza Mtanzania wa Houston, anauliza Mkenya wa Minneapolis, anauliza Mkongomani aliyefika mwaka juzi. Maswali ni yale yale. Nimeyapanga hapa, kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayokuja usiku na kutanguliwa na "samahani kaka, kuna jambo".

Mimi si mwanasheria wala mwalimu wa shabaha. Ni mtu aliyejaza fomu, akalenga, akakosa, akarudia. Sheria ninazozitaja ni za Marekani, na kila jimbo lina za kwake juu ya hizo.

## Kabla ya kutoa pochi

1. Rivolva ni ipi, na bastola nyingine ni ipi?

Kiswahili kinaziita zote bastola, na mkanganyiko unaanzia hapo. Rivolva ni ile yenye silinda inayozunguka katikati, kama ya polisi wa zamani. Silinda ina chemba tano, sita, saba au nane, na kila risasi inakaa katika chemba yake. Ukivuta triga, silinda inazunguka hatua moja, nyundo inarudi nyuma, kisha inaangukia fataki (kiwashio kilicho kitakoni) ya risasi iliyofika nyuma ya mtutu. Bastola ya magazini, yenye kisanduku cha risasi ndani ya mpini, hutegemea nguvu ya mlipuko ili itupe ganda na kupandisha risasi nyingine. Rivolva haiombi msaada wowote kwa risasi iliyotangulia. Kazi yote inafanywa na kidole chako.

Ndiyo maana triga yake ni nzito. Ukivuta moja kwa moja, kidole kinakoki nyundo (kinairudisha nyuma) na kuiachia kwa mkupuo mmoja, na uzito wake mara nyingi ni kilo 4 hadi 6. Ukikoki kwanza kwa kidole gumba, triga inabaki na kazi moja tu, na uzito unashuka hadi kilo moja na nusu au mbili hivi. Tofauti hiyo utaiona kwenye karatasi ya shabaha kabla hujaiona kwenye kitabu cha maelekezo.

2. Mbona rivolva, wakati kila mtu ana bastola ya magazini?

Kwa sababu ni rahisi kuielewa. Unafungua silinda, unaona kama kuna risasi au hakuna. Risasi ikigoma, unavuta triga tena na nyingine inakuja. Mwenye vidole vyenye baridi yabisi hahangaiki kuvuta slaidi ngumu, ile sehemu ya juu ya bastola ya magazini inayorudi nyuma.

Ila usidanganywe na wauzaji wanaosema ni "silaha ya mama mgonjwa" au "ya anayeanza". Kuielewa ni rahisi, kuipiga vizuri ni kazi. Triga nzito na risasi tano au sita tu: huo ndio mkataba. Kama unataka kutoboa karatasi katikati siku ya kwanza, bastola ya magazini itakupa furaha hiyo mapema zaidi.

3. Nachanganyikiwa na namba za risasi. .38 na .357 zina tofauti gani?

Kipenyo cha kichwa cha risasi ni kile kile, milimita 9.1 hivi. Tofauti ni urefu wa ganda na nguvu iliyomo. Ganda la .38 Special lina urefu wa milimita 29.3, la .357 Magnum lina 32.8. Milimita hizo tatu na nusu ziliongezwa miaka ya 1930 kwa makusudi, ili risasi yenye nguvu isiingie kwenye rivolva ambayo haikujengwa kuihimili.

Kwa hiyo rivolva ya .357 inapiga zote mbili, na ya .38 inapiga .38 peke yake. Soma kilichoandikwa ubavuni mwa mtutu, si kilichosemwa na rafiki. Mimi nilinunua ya .357 na ninapiga .38 karibu muda wote: bei nafuu zaidi, teke (msukumo wa silaha kurudi nyuma) dogo zaidi, kelele ndogo zaidi. Risasi za .357 napiga sita mwishoni, kama mtu anayeonja pilipili kichaa ili asiisahau.

4. Ndogo ya mfukoni au kubwa?

Hapa ndipo wengi wanapotupa pesa. Unaingia dukani, unaiona Ruger LCR, gramu 383 tu, unaigeuza mkononi kama simu, unasema hii ndiyo. Kisha unaipeleka renji, uwanja wa shabaha, na baada ya risasi kumi kiganja kinawaka na hutaki tena. Uzito ndio unaomeza teke. Silaha nyepesi haina cha kumeza, inakukabidhi lote.

Mimi nilichukua Ruger GP100 yenye mtutu wa inchi 4, zaidi kidogo ya kilo moja. Haiingii mfukoni, na sikuinunua kwa ajili ya mfuko. Ya kujifunzia iwe nzito, yenye mtutu wa inchi 4 na mpini wa mpira unaojaa kiganja. Ndogo ni za watu waliokwisha kujua kupiga, ingawa matangazo yanasema kinyume.

5. Jumla yake ni kiasi gani?

Rivolva mpya ya daraja la GP100 au Smith & Wesson 686 huzunguka dola 700 hadi 1,000, kutegemea duka na msimu. Kilichonishtua mimi ni vilivyobaki: vikinga masikio, miwani, sanduku la kufungia, vifaa vya kusafishia, ada ya renji, na risasi. Boksi la 50 za .38 kwa kawaida ni dola 20 na kitu au 30 na kitu, nawe unalimaliza chini ya saa moja. Kama bajeti yako yote inaishia kwenye silaha, subiri mshahara mwingine. Rivolva isiyo na risasi za mazoezi ni chuma cha bei ghali kabatini.

## Karatasi

6. Mimi si raia. Naruhusiwa kununua?

Mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kama raia, akitimiza masharti mengine. Atahitaji kitambulisho cha serikali chenye picha na anwani ya sasa, pamoja na nambari yake ya uhamiaji.

Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kununua wala hata kushika silaha au risasi. Msamaha unaojulikana zaidi ni wa aliye na leseni halali ya uwindaji ya jimbo la Marekani. Aliye nchini bila hati hana msamaha. Wakimbizi waliopokelewa rasmi hawahesabiwi kuwa wenye viza za muda, lakini hapo ningemwona mwanasheria wa uhamiaji kabla sijaliona duka.

Nisisitize kitu kimoja ambacho wenzetu waliozaliwa hapa hawana haja ya kukifikiria. Mwenye green card akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao. Kosa ambalo kwa jirani yako ni faini na aibu, kwako linaweza kuwa tiketi ya ndege ya kwenda tu. Kwa hiyo tunaogopa fomu kuliko teke.

7. Fomu yenyewe inauliza nini?

Inaitwa Fomu 4473, ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Unaijaza mbele ya muuzaji mwenye leseni. Inauliza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, anwani, mahali ulipozaliwa, uraia, kisha mfululizo wa maswali ya ndiyo na hapana: wewe ndiye mnunuzi halisi? Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa? Kwa ukatili wa nyumbani, hata likiwa kosa dogo? Kuna amri ya mahakama dhidi yako? Unatumia dawa zilizokatazwa? Uko hapa kwa viza ya muda?

Umri wa kununua bastola yoyote kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21 kwa sheria ya shirikisho, ingawa kipengele hicho kimepelekwa mahakamani. Kudanganya kwenye fomu hii ni kosa kubwa.

Majina yetu yanaleta mambo. Kitambulisho kinasema Mohamed, green card inasema Mohammed, na jina la babu limehamia nafasi ya ukoo. Nyosha hayo ofisi ya leseni za udereva kwanza. Na kama umehama nyumba, badilisha anwani kabla ya kwenda. Mimi nilirudishwa mlangoni kwa sababu ya anwani ya zamani, nikaendesha dakika arobaini kurudi nyumbani mikono mitupu.

8. Jimboni kwangu bangi ni halali. Niandike nini?

Kwa sheria ya shirikisho bangi bado imekatazwa, na fomu yenyewe inakuonya hivyo kwa maandishi yaliyokolezwa. Mtumiaji hanunui. Kadi ya daktari wa jimbo haibadilishi neno.

Na kwa sababu swali hili linaulizwa kwa kunong'ona: ndiyo, hata miraa. Kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi iko katika daraja la kwanza la dawa zilizokatazwa Marekani, kundi moja na heroini. Haijalishi kwamba mjomba wako kule Maua, Meru, anailima mchana kweupe. Anayetafuna hawezi kujibu "hapana" kwa haki.

9. Nimeambiwa "delayed". Nimekataliwa?

Hapana. Muuzaji hupeleka majina yako kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI uitwao NICS, unaofanya kazi tangu 1998. Majibu ni matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. Kwa asiye raia hukaguliwa pia rekodi za uhamiaji, hivyo usishangae ukisubiri wakati mwenzako katoka na mfuko wake. Kwa sheria ya shirikisho, siku tatu za kazi zikipita bila jibu muuzaji anaweza kukukabidhi, ila halazimiki, na wengi hawafanyi hivyo. Ukikataliwa kwa makosa kuna njia ya kukata rufaa. Usiende duka la pili kubahatisha.

10. Naweza kumnunulia ndugu yangu?

Zawadi ya kweli, kwa pesa yako, kwa mtu anayeruhusiwa kumiliki na mnayeishi jimbo moja, inawezekana. Lakini ndugu akikupa pesa ununue kwa jina lako kwa niaba yake, hilo ni kosa, hata kama yeye mwenyewe angepita ukaguzi. Na kama unayemnunulia haruhusiwi kumiliki, sheria ya mwaka 2022 iliweka adhabu ya hadi miaka 15.

Kwetu kusaidiana ni tabia. Mtu anasema, "Shemeji, wewe una karatasi, nichukulie tu." Kwenye gari, sawa. Kwenye hili, kataa, hata kama itamaanisha hutaalikwa Idi au Krismasi.

11. Jimbo la jirani ni rahisi zaidi. Naweza kununua huko?

Bastola unaichukulia katika jimbo unaloishi. Ukiipenda ya jimbo jingine, duka la huko huituma kwa muuzaji mwenye leseni wa kwenu, na fomu unaijaza kwenu. Illinois wanataka kadi ya FOID (kitambulisho cha mmiliki wa silaha) na kusubiri saa 72. California wanasubiri siku 10. Minnesota kuna kibali cha kununua. Texas hakuna kusubiri kwa jimbo. Usitumie uzoefu wangu kama ramani ya jimbo lako.

## Dukani

12. Nikague nini nikiwa nayo mkononi?

Omba ruhusa, mwombe muuzaji aifungue mbele yako, nawe uhakikishe mwenyewe chemba zote ni tupu. Kila kampuni ina kitasa chake cha silinda: Smith & Wesson unasukuma mbele, Colt unavuta nyuma, Ruger unabonyeza ndani. Usione haya kuuliza.

Kisha fungua macho. Chungulia mtutu dhidi ya taa: mifereji iwe safi. Funga silinda kwa mkono, taratibu. Ukiirusha kwa kiganja ijifunge yenyewe kama kwenye sinema, unapinda mhimili wake, na muuzaji atakutazama kama mtoto aliyeshika kisu. Tazama mwanya kati ya silinda na mtutu. Nywele tu ya mwanga, kiasi cha milimita 0.1 hadi 0.2, sawa pande zote. Kwa ruhusa, koki nyundo polepole kwa kila chemba: silinda ifike na kujifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Zote sita, si moja. Niliyoshika kwanza ilikuwa inafunga vizuri chemba tano, ya sita inachelewa, na ilikuwa mpya kabisa. Niliomba nyingine, nikapewa bila maneno.

La mwisho ndilo la kwanza: ishike. Kidole cha shahada kifike kwenye triga bila kupinda kifundo cha mkono. Kama unanyoosha kidole kama anayetafuta swichi gizani, hiyo si yako, hata ikiwa ina punguzo.

13. Na iliyotumika?

Inafaa sana, rivolva hazizeeki upesi. Kagua kama swali la 12, na ongeza hili: nyundo ikiwa imekokiwa na silaha ni tupu, isukume mbele kidogo kwa gumba bila kugusa triga. Ikianguka, irudishe kabatini.

## Renji

14. Siku ya kwanza nibebe nini?

Kitambulisho, rivolva tupu ndani ya kasha, boksi moja au mawili ya .38, miwani, na vikinga masikio viwili: vya kuziba ndani na vya kufunika nje. Mlio wa .357 hukaribia desibeli 160, na kwenye renji ya ndani, ukuta unakurudishia. Kikinga kimoja hakitoshi. Vaa kofia yenye ukingo na shati lililofungwa shingoni, maana jirani yako mwenye bastola ya magazini anatupa maganda ya moto, na ganda likiingia kifuani utacheza ngoma usiyoijua huku umeshika silaha.

Garini, rivolva iwe tupu, ndani ya kasha lililofungwa, kwenye buti.

15. Nikifika nafanyaje? Sitaki kuonekana mshamba.

Sema mapema kwamba ni mara ya kwanza. Watakupenda zaidi kuliko anayejifanya mjuzi. Utasaini karatasi, utapewa namba ya kibanda. Kasha unalifungulia mezani kwenye kibanda, mdomo wa mtutu ukielekea kwenye shabaha. Ukisikia "Cease fire!" unaacha, unafungua silinda, unaweka chini, unarudi nyuma, hata kama hujui kwa nini. Wakisema renji ni "cold", hakuna kugusa silaha kabisa, hata kuipangusa.

Kanuni nne za Jeff Cooper, mwalimu wa shabaha wa Kimarekani, utazikuta ukutani kila mahali. Ichukulie kila silaha kuwa ina risasi. Usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole nje ya triga hadi umelenga. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Waliopitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) wataziona za kawaida. Kwa mwingine, zikariri kabla hujatoka nyumbani.

16. Naishikaje?

Juu kabisa ya mpini, mkono wa kulia ukibana mbele na nyuma, wa kushoto ukibana pembeni, kidole gumba juu ya kidole gumba.

Kitu kimoja ukisome mara mbili. Ule mwanya wa swali la 12 hutema moto na chembe za chuma pembeni kila risasi inapotoka. Waliojifunzia bastola ya magazini wana mazoea ya kunyoosha vidole mbele. Kwenye rivolva kidole kilichofika ubavuni mwa silinda kinaungua au kuchanika. Vidole vyote vikae nyuma ya mwanya. Na rafiki anayechungulia asisimame pembeni yako, asimame nyuma.

17. Nianze umbali gani?

Yadi 5 au 7. Mita tano au sita hivi. Ndiyo, ni karibu, kama kutoka kochini hadi televisheni ya tajiri. Weka karatasi kubwa na utaona jinsi ilivyo rahisi kuikosa. Pakia risasi moja tu kwanza, halafu mbili, ndipo sita.

18. Risasi zangu zote zinakwenda chini kushoto. Vilengeo vimepinda?

Karibu kila mara, hapana. Kama unatumia mkono wa kulia, ni wewe. Ubongo unajua mlio unakuja, mkono unabana na kusukuma chini kabla haujafika.

Mimi nilibisha. Nilimwambia shemeji aliyenisindikiza kwamba hii kitu imetoka kiwandani na kasoro. Hakujibu. Aliichukua, akapakia risasi tatu na maganda matupu matatu, akazungusha silinda, akafunga, akanirudishia. "Piga, kaka." Ya kwanza, mlio. Ya pili, nyundo ikaanguka kwenye ganda tupu, tik, na sisi wawili tukaona mtutu ukizama kama kata mtungini. Hakukuwa na risasi, hakukuwa na teke, ila mkono wangu ulishachovya chini. Shemeji akacheka hadi akavua miwani, kisha akakumbuka tuko wapi akaivaa.

Dawa ni zoezi hilo hilo. Pakia kwa kuchanganya, vuta triga kwa mwendo mmoja usiokatika, macho kwenye kilengeo cha mbele. Mtutu ukibaki kimya kwenye ganda tupu, risasi halisi itakwenda ulikotaka. Nyumbani fanya na silaha tupu uliyoikagua mara mbili, risasi zikiwa chumba kingine, ukiwa umelenga ukuta usio na mtu nyuma yake. Sarafu juu ya mtutu isianguke. Rivolva nyingi za kisasa hazidhuriki na zoezi hili, ila za .22 soma maelekezo kwanza, nyingi hazilipendi.

19. Nikivuta triga na risasi isilie?

Subiri. Elekeza kwenye shabaha sekunde 30, maana fataki inaweza kuchelewa, kisha fungua silinda. Ushauri wa "vuta tena" ni wa hatari halisi, si wa renji.

Mbaya zaidi ni inayolia kwa unyonge: badala ya mlio unasikia "pafu", kama kifuniko cha soda. Simama hapo hapo. Inawezekana kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka mikononi. Fungua, weka chini, mwite msimamizi.

20. Kwa nini wanasema ninawe kila nikitoka renji?

Kiswahili kilishatuambia: risasi ni ya bunduki, na risasi ni yale madini yenyewe. Vichwa vingi vina madini hayo, na fataki nyingi hutoa moshi wenye vumbi lake, ambalo ni sumu ya ubongo na damu, hasa kwa watoto na wajawazito. Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula chochote. Nguo za renji zifuliwe peke yake, viatu vibaki mlangoni. Kumbeba mtoto ukitoka renji bila kuoga, acha. Mjamzito asiende.

## Nyumbani

21. Kusafisha ni lazima kila mara?

Dakika kumi na tano zinatosha: brashi kwenye mtutu na kila chemba, kitambaa chini ya nyota ya kutolea maganda, tone la mafuta, basi. Kama unapiga .38 nyingi kwenye rivolva ya .357, kwaruza vizuri ndani ya chemba. Ganda fupi huacha pete ya masizi mbele yake, na siku ukiweka .357 itagoma kuingia au kutoka.

22. Naihifadhi wapi? Nina watoto.

Sanduku la chuma lenye namba, lililofungwa kwenye kitu kisichobebeka. Juu ya kabati si mahali pa kuhifadhi. Mtoto wa miaka mitano anapanda kuliko paka. Texas ni kosa kuiacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Na mtu wa nyumba hiyo akipitia kipindi kizito cha moyo, awe ni wewe au mwingine, itoe nje ya nyumba kwa muda. Uliza duka au renji, baadhi yao hukuwekea.

23. Polisi akinisimamisha nikielekea renji?

Mikono juu ya usukani, taa ya ndani ikiwa ni usiku. Hapa Texas mwenye leseni ya kubeba aliye na silaha anatoa leseni hiyo pamoja na kitambulisho anapoombwa. Mimi husema mapema, kwa sauti ya kawaida, kwamba kuna silaha tupu kwenye buti, na sisogezi mkono hadi niambiwe. Kama Kiingereza kinakuponyoka ukiwa na hofu, fanyia mazoezi sentensi hiyo moja.

24. Binamu amekuja kwa viza ya matembezi. Nimpeleke renji apige mbili tatu?

Usimpeleke apige. Tazama swali la 6: kushika tu, hata ya kukodi, hata risasi moja, ni kumiliki machoni pa sheria, naye hana msamaha labda awe na leseni ya uwindaji. Picha atakayoituma Mbagala usiku ule ndiyo itakayokuwa ushahidi. Mpeleke kwenye rodeo, mashindano ya wapanda farasi na mafahali.

25. Naweza kwenda nayo likizo nyumbani?

Kwa ndege za ndani ya Marekani inawezekana: tupu, ndani ya kasha gumu lililofungwa, imetangazwa kaunta, kwenye mzigo wa chini. Kwenda Kenya au Tanzania ni habari nyingine kabisa. Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni. Tanzania kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Leseni yako ya Texas huko ni karatasi ya kufungia vitumbua. Ongeza taratibu za kuitoa Marekani, na sheria za kila uwanja utakaopita, Doha au Addis Ababa. Iache kwenye sanduku lake.

Kilicho hatari zaidi ni risasi moja uliyoisahau. Begi la mgongoni ulilokwenda nalo renji Jumamosi, ukalitia nguo za safari Jumatano, na kwenye mfuko mdogo wa pembeni imebaki moja ya .38 pamoja na peni na risiti. Mashine ya uwanja wa ndege itaiona kabla yako. Mimi begi la renji ni jekundu, halijawahi kuvuka mlango wa chumba cha kulala, na kabla ya kila safari bado naligeuza lile jingine ndani nje na kulikung'uta juu ya kitanda.